Mgongo na Bonde: Kuzaliwa kwa Njia za Baiskeli za Nyanda za Juu Kusini

Mvua inayonyesha kwenye milima inayoizunguka Mbeya hugawanyika njia tatu. Ya upande wa kaskazini-mashariki hushuka bonde la Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na kuishia Bahari ya Hindi. Ya kusini hufuata mto Kiwira hadi Ziwa Nyasa, na kwa kupitia Shire na Zambezi hufika bahari hiyo hiyo, ila huko Msumbiji. Ya magharibi huingia mto Songwe na kumezwa na Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Anayetoka Iringa kwa baiskeli, akapita Mafinga, Makambako na Chimala, akapanda Uyole na kuteremkia Kyela, huvuka migawanyo hii ya maji bila hata kibao cha kumjulisha. Miguu yake ndiyo humjulisha. Njia anayoipita imechukua karne nyingi kutengenezwa, na sijui hata kipande kimoja cha njia hiyo kilichochimbwa kwa ajili ya baiskeli.

Wa kwanza kupita hapa walituachia mawe. Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya, lipo korongo la Isimila, ambako mwaka 1951 zilitambuliwa zana za mawe zilizotapakaa kwenye mchanga wa bwawa la kale lililokauka. Mtafiti F. Clark Howell alifukua hapo mwaka 1957 na 1958, na umri wa zana hizo hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka laki mbili. Mmomonyoko ulioacha nguzo ndefu za udongo korongoni ndio huo huo unaoyakata mabonde ya Iringa hadi leo na kumlazimisha mpanda baiskeli kushuka na kupanda, kushuka na kupanda.

Katika karne ya 19 sura ya nchi inaanza kuonekana wazi. Mbeba mzigo hapendi bonde: masika bonde ni tope, mbu na mto usiovukika. Vijia vya watu wa miguu vilishika migongo ya vilima, vikateremka mtoni pale tu penye kivuko. Lakini watawala walihitaji maji, na Munyigumba, kisha mwanawe Mkwawa, walipowaunganisha Wahehe chini ya dola moja, makao makuu yalikuja kusimama Kalenga, ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, alipita Uhehe akielekea Ziwa Nyasa, baada ya mkuu wa msafara wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Msafara mzima ulitembea kwa mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu, kwa kuwa kijia hakikuwa na upana wa watu wawili.

Mwaka 1891 unastahili tusimame kidogo. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo mashariki ya Iringa, mashujaa wa Mkwawa walivamia kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimejipanga mstari mrefu kwenye kijia kama hicho, wakamuua kamanda wake, Emil von Zelewski, na sehemu kubwa ya askari wake. Wembamba wa njia ulikuwa nusu ya silaha. Siku 20 baadaye, tarehe 6 Septemba, wapanda baiskeli waliondoka Paris kwenda Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi, na Charles Terront akashinda kwa kutumia muda wa takriban saa 71 akiwa juu ya matairi ya upepo ya Michelin. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa ilikuwa na umri wa miaka sita tu, tangu John Kemp Starley aitoe Rover yake Coventry mwaka 1885. Mambo haya mawili hayakujuana, lakini yalikuwa yakielekeana: dola zilizokuwa zikijifunza kukimbia juu ya mpira na upepo ndizo zilizokuwa zikipanua vijia vya Uhehe kwa jembe na sululu.

Kalenga iliangushwa mwishoni mwa Oktoba 1894. Wajerumani walianza kujenga Iringa mwaka 1896, juu ya ukingo wa mlima, mahali pa kuona mbali. Mto Ruaha Mdogo ukabaki chini yake. Uamuzi huo wa kijeshi bado unalipiwa na kila anayeingia mjini kwa baiskeli kutoka Ipogolo, kwa maana mlima ule haukwepeki. Mkwawa alijiua Julai 1898 akikataa kutekwa. Kusini, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wamefika Unyakyusa tangu mwaka 1891 wakitokea Ziwa Nyasa. Misheni, boma na soko vikaanza kuunganishwa kwa njia zilizolimwa kwa nguvu za wananchi. Mwaka 1904 chai ilipandwa Rungwe kwa majaribio.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya njia hizo kama mafuriko. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaichukua Tukuyu Mei 1916 na Iringa mwishoni mwa Agosti mwaka huo. Mizigo ilibebwa kwa vichwa vya wapagazi, ambao vifo vyao havikuandikwa kwa uangalifu uliotumika kuandika vya maofisa.

Utawala wa Waingereza ulileta barabara ya gari. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliwavuta watu katika miaka ya 1920, na Mbeya ikaanzishwa mwaka 1927 ikiwa mji wa utawala. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikienda Cape Town zilitua hapo, na ardhini Barabara Kuu ya Kaskazini ikawa kiungo cha Rhodesia na Kenya kupitia Mbeya, Iringa na Dodoma. Tazama ilivyojipenyeza: kutoka Iringa ilishika nyanda za mawimbi za Sao Hill, kisha ikateremka na kubana kati ya ukuta wa milima ya Kipengere na tambarare ya Usangu inayofurika masika. Haikuwa na pengine pa kupita. Ndiyo maana kipande cha Igawa, Chimala na Igurusi kinakata mto baada ya mto, kila mmoja ukitoka mlimani kwa kasi na kupoozwa na mashamba ya mpunga upande wa pili.

Mchango mkubwa zaidi wa enzi hiyo kwa mpanda baiskeli wa leo hauko barabara kuu, uko Mufindi. Chai ilianza kulimwa huko kibiashara miaka ya 1920, na jani la chai halisubiri: likishachumwa lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, bila kupondeka. Mashamba yakachorewa barabara zinazozunguka vilima kwa mteremko mpole, zikifuata migongo na kuacha misitu mabondeni kulinda chemchemi. Anayeendesha leo kati ya Mafinga na viwanda vya Mufindi hupewa kilomita nyingi za kupanda na kushuka kusikokata pumzi, na shukrani zake aelekeze kwa hesabu za jani bichi.

Baiskeli yenyewe iliingia kwa mishahara. Karani, mwalimu na mwinjilisti walitangulia. Nyuma yao wakaja vijana wa Unyakyusa na Ubena waliorudi kutoka machimbo ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na dhahabu ya Afrika Kusini, au mashamba ya mkonge, wakiwa na fedha ya kununulia Raleigh. Kwa kijana huyo baiskeli ilikuwa hadhi kabla haijawa usafiri, na ilipokwisha kuwa usafiri ilibeba kahawa, ndizi na mgonjwa. Njia ya miguu, yenye upana wa mtu mmoja, ikapata mteja aliyeifaa kuliko gari.

Kisha ikaja tarehe 11 Novemba 1965. Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyopitisha mafuta na shaba yake huko, ikabaki bila lango salama. Malori yalianza kukimbizana kati ya Dar es Salaam na Zambia juu ya barabara ya vumbi iliyogeuka utelezi masika, na ajali zikawa nyingi kiasi kwamba madereva waliifananisha na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, lilikamilika mwaka 1968. Barabara ya TANZAM ikajengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Marekani, ikapasua mlima Kitonga kutoka joto la Ruaha Mbuyuni hadi baridi ya Iringa. Reli ya TAZARA, kwa msaada wa China, ilikabidhiwa Julai 1976. Ndani ya miaka kumi na kidogo njia tatu ziliwekwa karibu sambamba, zote kwa ajili ya mzigo wa nchi jirani, na lami iliyotandazwa kuiokoa Zambia ikawa pia lami ya kwanza ndefu kwa baiskeli za Iringa na Mbeya.

Miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji ilihamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwapanga kando ya barabara. Shamba likabaki mbali, nyumba ikawa barabarani, na umbali kati ya viwili hivyo ukahitaji magurudumu. Kiwanda cha NABICO Dar es Salaam kilitoa baiskeli za Swala, ingawa hazikutosha. Mafuta yalipopanda bei magari yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sidhani kama TANZAM imewahi kuwa tulivu kuliko mchana huo.

Uhaba wa miaka ya 1980 ulizaa ufundi ambao bado upo. Chini ya mti, fundi anavua tairi kwa mpini wa kijiko, anaizamisha tyubu kwenye karai la maji akisubiri viputo, anakwangua, anapaka solusheni na kubandika kiraka kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu. Milimani Iringa, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, karia hubeba madumu manne, mawili kila upande, na la tano juu. Breki za fimbo haziuzuii mzigo huo mteremkoni, basi mwenye baiskeli hukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la mbele, na mtu wa nyuma huisikia harufu ya mpira kabla hajaiona baiskeli. Biashara ilipofunguliwa baada ya 1985, Phoenix za China zilijaa madukani. Miongo miwili baadaye pikipiki za bodaboda zikainyang'anya baiskeli abiria, zikaiachia mkaa, majani ya ng'ombe na viazi.

Mpanda baiskeli wa burudani alifika akiwa wa mwisho. Tangu mwaka 2003 msafara wa Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, umekuwa ukipita Iringa na Mbeya na kuteremkia Malawi. Kwao barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ilikuwa maarufu kwa vumbi na mawe, hadi lami ilipotandazwa katika miaka ya 2010. Wenyeji wachache nao wameanza kuzitafuta njia za pembeni, na wanachogundua ni kwamba zilizo bora ni zile ambazo lori halikuzihitaji. Kando ya Ruaha Mdogo kutoka Iringa hadi Kalenga ni mfano mmoja. Mwingine ni kutoka Chimala kupanda Matamba kwa kona 57 zilizohesabiwa, kuvuka uwanda wa Kitulo ulioanzishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kutokea Isyonje, na hapo kuuacha mlima ufanye kazi: Kiwira na Daraja la Mungu, chai na migomba ya Tukuyu, hadi Kyela iliyo chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari.

Barabara kuu imekuwa kinyume chake. Shehena za Zambia na Kongo hazijapungua, na miteremko ya Mbalizi na Mlima Nyoka ina sifa mbaya kwa breki zilizokatika. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 zinazolikatiza jiji la Mbeya, kinapanuliwa kuwa njia nne. Hapo Uyole malori ya Tunduma hukutana kila alfajiri na baiskeli za mboga na ndizi zinazoingia sokoni, na kwa wenye baiskeli hizo swali la mradi huu ni la mita moja na nusu tu: bega la barabara litakuwa na upana gani, na nani atazuia bajaji zisiegeshwe juu yake.