Tumbaku Isiyouma Ulimi: Safari ya Jani Jeupe la Mto Ohio

Wavutaji wa kiko wana lalamiko la zamani: kuna tumbaku inayouma ulimi. Ukiivuta kwa pupa, moshi wake unakuja wa moto na mkali, na ncha ya ulimi inawaka kama iliyopakwa pilipili. Ndiyo maana tumbaku ya kiko husifiwa kwanza kwa jambo isilolifanya. Haiumi. Nchini Marekani jani lililojijengea heshima hiyo kuliko mengine ni burley nyeupe: rangi ya hudhurungi hafifu, takriban halina sukari, na ladha yake ni ya karanga na nafaka iliyokaangwa, pamoja na kakao chungu inayosikika kwa mbali. Halina manukato ya kukupokea mlangoni. Mtu hulizoea taratibu, na akishalizoea huona tumbaku nyingine zina makelele.

Jani hili halikubuniwa na mtaalamu yeyote. Lilitokea kitaluni mwa wakulima wawili masikini, nao walidhani ni ugonjwa.

Mwaka 1864 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea Marekani. George Webb na Joseph Fore walikuwa wapangaji katika shamba la Kapteni Frederick Kautz, karibu na mji mdogo wa Higginsport, Kaunti ya Brown, jimbo la Ohio. Mbegu waliipata ng'ambo ya Mto Ohio, katika Kaunti ya Bracken, Kentucky. Ilipoota, baadhi ya miche ilitoka na rangi ya njano chafu, kana kwamba imekosa chakula. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza miche hiyo iling'olewa na kutupwa. Msimu uliofuata mbegu zilikuwa haba, zikarudiwa zile zile, na safari hii miche ya njano ikapandwa shambani pamoja na mingine. Ilikua vizuri. Mashina yake yalikuwa na weupe wa maziwa na majani yake yalipauka, lakini yalipokauka yalikuwa mepesi na laini, yenye rangi iliyolingana kuliko tumbaku nyekundu ya siku hizo. Mwaka 1866 mavuno yalifika pauni 20,000. Mwaka 1867 tumbaku hiyo ilipelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, ikauzwa kwa dola 58 kwa kila pauni 100. Ilikuwa bei ya kumfanya kila mkulima wa bonde lile aulize mbegu inapatikana wapi.

Siwezi kupita hapa bila kuutazama ule mto wenyewe. Mwaka 1864 upande wa Kentucky mtu aliweza bado kumilikiwa na mtu mwenzake; upande wa Ohio, hapana. Tumbaku ya Kentucky ilikuwa imelimwa kwa mikono ya watumwa tangu vizazi vilivyotangulia, na mto ambao mbegu ya Webb ilivushwa ndio ule ule waliouvuka watu waliokuwa wakikimbilia uhuru usiku. Katika kaunti hiyo hiyo ya Brown, kwenye mji wa Ripley, aliishi John P. Parker, mzaliwa wa Norfolk, Virginia, aliyeuzwa akiwa mtoto na kuinunua nafsi yake mwaka 1845 kwa dola 1,800. Mchana alikuwa mfua vyuma. Usiku alivuka kwa mtumbwi kwenda Kentucky kuwatoa watumwa, na waliookoka kupitia mikono yake walikuwa mamia. Vita vilipokwisha na utumwa ukafutwa, bonde likageukia jani jeupe, na katika miaka ya 1880 Parker alipata hataza za mashinikizo ya kusindika tumbaku, yeye akiwa miongoni mwa Waafrika wachache wa Marekani waliokuwa na hataza karne ile. Historia ya burley ikisimuliwa kwa jina la Webb peke yake, inakuwa pungufu.

Kwa nini jani hili ni pole? Jibu liko sehemu mbili: kwenye mmea na kwenye ghala.

Mmea wenyewe una upungufu wa klorofili, ile rangi ya kijani inayouwezesha kujitengenezea chakula kwa jua. Ni hitilafu ya kurithi, nayo hurithishwa kila kizazi bila kupotea. Baada ya kuvunwa, burley haikaushwi kwa moto. Wakulima wa Tanzania wanazitofautisha vizuri tumbaku zao: ya mvuke, inayokaushwa mabanini kwa joto la mabomba, ndiyo ya Tabora na Urambo, ya moshi, inayofukizwa kwa kuni, ndiyo ya Songea na Namtumbo, na ya hewa, ambayo huachiwa upepo tu. Burley ni tumbaku ya hewa. Ya mvuke hukauka kwa siku chache, na joto huliua jani likiwa bado na sukari yake ndani. Hata hilo lilianza kwa bahati: mwaka 1839, katika Kaunti ya Caswell, North Carolina, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen alipitiwa na usingizi akichunga moto wa bani, akaamka na kuuhuisha upesi kwa makaa, na jani likatoka la njano ya dhahabu. Burley ilikwenda njia ya kinyume. Shina zima hukatwa, hupasuliwa au kutobolewa chini, huchomekwa kwenye ufito pamoja na wenzake watano hivi, na fito hupandishwa hadi darini mwa ghala refu la mbao lenye milango ya hewa ubavuni. Humo hukaa wiki sita, nane, pengine zaidi. Jani halifi mara moja. Linaendelea kupumua, linageuza wanga wake kuwa sukari, kisha linaitumia sukari hiyo yenyewe hadi inakaribia kwisha. Hewa ikiwa kavu mno, jani hubaki na mabaka ya kijani na njano. Ikiwa na unyevu mno, huoza likiwa limening'inia. Mwenye ghala hufungua na kufunga milango kufuatana na hali ya hewa, kazi ya kukisia na kunusa ambayo mtoto huifunza kwa baba yake.

Jani lililomaliza sukari yake halina kile kinachoufanya moshi uwe mkali kwa ulimi. Lakini upole huo ni wa ulimi, si wa mwili. Burley ina nikotini nyingi, na moshi wake ndani ya kiko huiachia nikotini ipite kwa urahisi kwenye ngozi ya mdomo. Anayevuta haraka huku tumbo likiwa tupu hupata kizunguzungu. Na kiko, hata kikiwa na tumbaku pole namna gani, huleta saratani ya mdomo na koo. Ninalisema hili kwa sababu maneno ya biashara ya karne nzima yalifanya upole na usalama vionekane kitu kimoja, na havikuwa kimoja.

Jani jipya halikuanzia kwenye kiko. Wafanyabiashara wa kwanza kulifurahia walikuwa wa tumbaku ya kutafuna. Waligundua kwamba nyama yake ina vitundu vingi, hivyo hunywa maji ya utamu kuliko jani lolote: molasi, urukususu, ramu, kakao. Walilitengeneza mikate migumu mitamu, na wanaume wengi wa Marekani ya mashambani wakatembea na kipande shavuni. Tabia ya kutema mate ilipoanza kuonekana ya aibu mijini, viwanda vilivyokuwa na maghala yaliyojaa burley vikakitazama kiko.

Kiko chenyewe kilikuwa kimeshuka bei. Mwaka 1869, mjini Washington katika jimbo la Missouri, fundi kerezo Henry Tibbe, mhamiaji kutoka Uholanzi, alianza kutengeneza viko kwa magunzi ya mahindi. Mwaka 1878 alipata hataza ya kuyaziba matundu ya gunzi kwa plasta, ili uso wake uwe laini na ustahimili moto. Mkulima aliyeshindwa kununua kiko cha mzizi wa mti kutoka Ufaransa aliweza sasa kununua cha gunzi na kukitupa kikichoka. Gunzi hufyonza unyevu na halina ladha ya kushindana na tumbaku, na burley kavu ndani yake hutulia kuliko popote. Kiwanda hicho kipo hadi leo, kwa jina la Missouri Meerschaum, lililochukuliwa mwaka 1907.

Mwaka huo huo wa 1907, huko Winston-Salem, North Carolina, R. J. Reynolds alitoa tumbaku ya kiko aliyoiita Prince Albert. Jina na picha vilikuwa vya mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyejulikana kwa miaka mingi kama Mwanamfalme Albert Edward. Ndani ya kopo jekundu lililobonyezwa ili likae mfukoni mlikuwa na burley iliyokatwakatwa na kutiwa utamu kidogo tu. Kopo lilitangaza kwamba utengenezaji wake ulipewa hataza tarehe 30 Julai 1907, na matangazo yakawaahidi watu kwamba ulimi hautaumwa. Mauzo yaliishangaza hata kampuni yenyewe. Makopo matupu yaliendelea kuishi: wachimba madini wa magharibi mwa Marekani waliweka humo karatasi za kudai eneo, wakayafukia kwenye chungu za mawe, na bado yanaokotwa jangwani yakiwa na hati ndani.

Zikafuata nyingine: Velvet, Granger iliyokatwa nene ili iungue polepole, Sir Walter Raleigh, Edgeworth ya ndugu wa Larus huko Richmond, ambao mwaka 1925 walifungua hata kituo chao cha redio, WRVA. Prince Albert nayo ilidhamini Grand Ole Opry iliporushwa nchi nzima na NBC kuanzia mwaka 1939, na kwa miaka mingi muziki wa wakulima uliingia majumbani pamoja na jina la tumbaku ya wakulima.

Wakulima wenyewe hawakuwa na muziki. Tangu mwaka 1890 kampuni ya American Tobacco ya James B. Duke ilikuwa imewameza washindani wake, Reynolds akiwemo, na soko likabaki na mnunuzi mmoja. Bei ilishuka chini ya gharama. Wakulima wa burley wa Kentucky wakajiunga, wakaweka mavuno ya mwaka 1907 ghalani, na mwaka 1908 wakakubaliana jambo ambalo sijui kama kuna wakulima wengine wa zao la biashara waliolifanya kwa kiwango kile: kutopanda kabisa. Katika kaunti nyingi za katikati ya jimbo mashamba yalikaa bila tumbaku. Haukuwa umoja wa hiari tupu. Waliokaidi walitembelewa usiku, vitalu vyao vikaharibiwa na maghala kuchomwa, na aibu hiyo ni sehemu ya habari hii pia. Lakini mwishoni mwa mwaka kampuni ilirudi mezani ikanunua kwa bei nzuri. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaivunja kampuni hiyo. Ushirika imara wa wakulima wa burley ulipatikana mwaka 1921, na kuanzia mwaka 1938 serikali ikaweka mgao wa kupanda uliolinda bei kwa wenye mashamba madogo. Kwa ekari mbili au tatu za burley familia iliweza kusomesha watoto.

Kilicholiondoa jani hili mikononi mwa wavuta kiko ni sigara. Mwaka 1913 Reynolds alitoa Camel, iliyochanganya tumbaku ya mvuke, ya Uturuki na burley iliyolowekwa utamu. Mchanganyiko huo ukawa ladha ya sigara za Marekani, na wafuasi wake wakaenea duniani. Burley ikahitajika kwa tani, na haikuhitaji tena kuwa tamu yenyewe. Ilihitajika kunywa ladha ya kiwandani. Hivyo ndivyo ilivyofika Malawi, ambako sheria za utawala wa Kamuzu Banda ziliiacha kuwa mali ya mashamba makubwa hadi miaka ya mwanzo ya 1990, wakulima wadogo waliporuhusiwa kuilima kwa jina lao. Leo burley ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mauzo ya nje ya Malawi. Wakulima wengi wa Lilongwe na Kasungu hawajawahi kuionja ndani ya kiko.

Huko ilikozaliwa imepungua. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964, iliyotangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, ilitoka karne moja kamili baada ya kitalu cha Webb. Mgao wa serikali ulifutwa kwa sheria ya mwaka 2004, wakulima wakalipwa fidia, na wengi wakaacha. Minada ya Lexington na Maysville, ambako mnadi alipita kati ya malundo akiimba bei, imepisha mikataba ya moja kwa moja na kampuni.

Lakini burley ya kiko bado inapatikana, na wapo wachanganyaji wadogo wanaoiuza bila utamu wowote, kama ilivyotoka ghalani. Hiyo ndiyo ningempa mtu anayetaka kuijua. Ajaze kiko bila kubana, awashe, ashindilie kidogo, awashe tena, kisha avute taratibu mno, kama asiye na haja nayo. Ladha ya karanga huja katikati ya kiko, si mwanzoni.

Mashine ya kuivuna haijachukua nafasi ya mikono. Mwezi wa Agosti na Septemba, kwenye mashamba yaliyobaki Kentucky, wafanyakazi wa msimu, wengi wao kutoka Mexico kwa viza za muda, hukata shina moja moja, hulichomeka kwenye ufito, na hupanda ngazi za ghala wakipokezana fito hadi juu kabisa.