Aliyekaa Penye Vyombo



Ukitoka Wajir kwenda Moyale, kabla ya kuufikia mpaka wa Ethiopia utapita mji mdogo uitwao Buna. Ni nchi kavu, nchi ya ngamia na mbuzi, na wenyeji wake karibu wote ni Waislamu. Utasikia Kisomali huko, utasikia na Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo. Wakristo ni wachache, na wengi wao wamepelekwa na kazi: huyu mwalimu, yule mwuguzi, mwingine askari polisi. Jioni, kazi ikiisha, mtu wa namna hiyo huweza kujiuliza, "Mimi hapa nafaa nini?" Na mbali sana naye, huku kwetu penye mvua, yuko mama mgonjwa aliyetamani tangu ujana wake kwenda kumtumikia Mungu ugenini, lakini mwili ukamkatalia. Naye kitandani hujiuliza swali lile lile.

Kwa ajili ya hao wawili tunaomba mfungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30. Daudi aliwafuatia Waamaleki akiwa na watu mia sita. Walipofika kijito cha Besori, mia mbili kati yao walikuwa wamechoka mno, wakashindwa kuvuka. Wakabaki kuvilinda vyombo, na mia nne wakaendelea. Vita viliposhinda, wakatokea watu wabaya waliosema kwamba waliobaki wasipewe nyara. Daudi akakataa. Akaweka amri katika Israeli kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo watagawana sawasawa.

Leo tutawasimulia habari za mtu aliyekaa penye vyombo. Jina lake ni Giuseppe Allamano, padre wa Kanisa Katoliki.

Huenda mmoja wenu atauliza, "Je, sisi Waprotestanti tuna habari gani na padre?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu mbele kidogo. Kwanza tusikie maisha yake.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 katika kijiji cha Castelnuovo d'Asti, kaskazini ya Italia. Baba yake alikufa mtoto angali mdogo, hajatimiza miaka mitatu. Mama yake, Marianna Cafasso, akawalea watoto peke yake. Kijana alisoma kwanza katika shule ya Giovanni Bosco mjini Torino, kisha akaingia seminari, akapewa upadre tarehe 20 Septemba 1873. Tangu siku za masomo alitamani kwenda katika nchi za mbali kuhubiri. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu. Mlango huo ukafungwa.

Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 29, alikabidhiwa kanisa kubwa la Konsolata mjini Torino, yaani kanisa la Mama wa Faraja. Jengo lilikuwa limechakaa. Akalitengeneza, akawafundisha mapadre vijana, akawasikiliza watu wenye dhiki. Alikaa katika kazi hiyo mpaka kufa kwake, miaka zaidi ya arobaini na mitano, mahali pamoja.

Lakini Afrika haikumtoka moyoni. Katika sehemu ile ile ya Italia alikuwa ametoka Guglielmo Massaia, mmisionari aliyefanya kazi kwa miaka mingi kati ya Waoromo wa Ethiopia. Allamano aliwaza kwamba kazi hiyo isiachwe ikafa. Mwaka 1891 alikuwa na mpango wa kuanzisha shirika la wamisionari, lakini wakati haukuwa tayari. Akangoja. Januari 1900 akaugua sana, hata watu wakamkatia tamaa. Mungu akamponya. Naye hakusahau. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Januari 1901, shirika la Wamisionari wa Konsolata likaanzishwa.

Tarehe 8 Mei 1902 watu wanne waliondoka Torino: mapadre wawili, Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabruda wawili, Celeste Lusso na Luigi Falda. Shabaha yao ya mbali ilikuwa ni nchi ya Waoromo huko kaskazini. Kenya ilionekana kuwa njia ya kupitia tu. Lakini njia ya kaskazini haikufunguka. Tarehe 28 Juni 1902 walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, nyumbani kwa mzee Karuri wa Gakure, naye akawapokea. Basi mahali pa kupita pakawa shamba lenyewe la kulima.

Na yule aliyewatuma? Alibaki Torino. Aliwaagiza waandike habari za kila siku, na yale waliyoandika aliyasoma kwa makini. Aliwajibu kwa barua. Alitafuta fedha, alichapisha habari zao katika gazeti la kanisa lake ili watu wapate kuwaombea na kuwasaidia. Aliwaambia mara nyingi kwamba wema ufanywe vema, tena bila kelele. Mwaka 1910 alianzisha shirika la pili, la masista, na mwaka 1913 kundi la kwanza la masista hao wakaja Kenya. Katika Vita Kuu ya Kwanza waliwauguza wapagazi wetu, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya wengine na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Mmoja wao, Sista Irene Stefani, aliwahudumia huko Voi, kisha Kilwa na Lindi. Baadaye aliishi Gikondi, Nyeri, na huko akafa mwaka 1930 kwa ugonjwa wa tauni, baada ya kumhudumia mgonjwa. Watu wa huko walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma.

Allamano mwenyewe alifariki tarehe 16 Februari 1926. Hakuwa ameiona Kenya hata siku moja. Hakuwa amekanyaga udongo wa Afrika.

Sasa turudi kwenye lile swali. Tunajua kwamba kati yetu na ndugu zetu Wakatoliki kuna mambo tusiyokubaliana. Tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza Allamano kuwa mtakatifu. Sisi hatuwaombi watakatifu waliolala. Mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu. Wala hatufichi kwamba wamisionari wa siku zile, wao na wetu pia, walikuja chini ya kivuli cha bendera ya mkoloni, na wengine walipewa ardhi ambayo wenyeji waliililia. Tena walishindana. Katika milima ya Wakikuyu Wakatoliki na Waprotestanti waligombania vijiji na shule, na watoto wa nyumba moja wakafundishwa kudharauliana. Hayo tuyatubu, kila mmoja upande wake. Lakini mtu akiwa amevilinda vyombo kwa uaminifu miaka arobaini, tukimnyima sifa kwa sababu si wa kundi letu, tutafanana na wale watu wabaya wa kijito cha Besori.

Naam, na ile njia ya kaskazini je? Serikali ya Mwingereza iliifunga nchi ile. Mgeni hakuingia bila kibali. Waanglikana walitangulia kufika Marsabit katika miaka ya 1930, wachache na kwa shida. Kisha ukaja mwaka 1940. Mwaka huo Waitalia walifika Buna kweli, lakini walikuwa askari. Walivuka mpaka, wakaiteka Moyale, wakasonga hata Buna. Mwaka uliofuata wakafukuzwa. Na kwa sababu ya vita hivyo wamisionari wa Konsolata waliokuwa Kenya, wasio na bunduki, walishikwa na kuwekwa kizuizini, kwa kuwa tu walizaliwa Italia. Tazameni tofauti, wapenzi. Jeshi liliifikia Buna kwa siku chache, nalo halikuacha kitu cha kushukuriwa. Waliotumwa na mtu mgonjwa wa Torino walikwenda polepole mno, lakini kazi yao haikufukuzwa.

Novemba 1964 jimbo la Nyeri lilikabidhiwa kwa Mwafrika, Askofu Caesar Gatimu. Na Carlo Cavallera, Mmisionari wa Konsolata aliyekuwa askofu hapo kabla yake, hakurudi Ulaya kupumzika. Alikwenda kuwa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Marsabit, linalofika hata Moyale, nchi ya Waborana, wakati vita vya shifta vilikuwa vimewaka. Hesabuni wenyewe: tangu 1902 hata 1964 ni miaka sitini na miwili. Nchi ya watu wa lugha ile aliyoiwaza Allamano ilikuja kuwa shamba la watoto wake akiwa amekwisha kulala miaka thelathini na minane.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba Mungu hapimi utumishi kwa hatua za miguu. Musa aliiona nchi kwa macho tu kutoka mlimani; Allamano hakuiona hata kwa macho. Lakini wote wawili walifanya sehemu yao. Mtume Paulo anatukumbusha kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, na anayekuza ni Mungu. Tena anauliza, watu watahubirije wasipotumwa? Kutuma nako ni kazi. Tena ni kazi yenye jasho, maana anayetuma hupaswa kuomba, kutoa, kuandika, na kutosahau.

Hapo ndipo tunapojiona wenye deni. Makanisa yetu huwasindikiza vijana kwa nyimbo wanapopata kazi kaskazini, na baada ya miezi mitatu jina la kijana halitajwi tena katika maombi. Akirudi likizo tunamwuliza habari za joto na za usalama. Hatumwulizi habari za roho yake. Ndugu wazee wa kanisa, ni nani wenu aliyeko Buna leo? Ni nani Mandera, ni nani Wajir? Mmemwandikia lini?

Nawe uliyeko huko, mwalimu mwenye wanafunzi wasio wa dini yako, muuguze mgonjwa vema, fundisha hesabu vema, shika sheria pasipo rushwa, mheshimu jirani yako Mwislamu kama mtu aliyeumbwa na Mungu. Fanya hayo bila kelele. Huenda mahali unapodhani unapita tu, ndipo shamba lako lilipo.

Na wewe mama uliye kitandani, usiseme hufai. Vyombo viko mikononi mwako. Taja majina yao mbele za Mungu asubuhi na jioni. Amri ya Daudi haijafutwa: mtagawana sawasawa.

Na tuombe. Ee Bwana, tunawakumbuka watumishi wako walio mbali, katika nchi kavu na katika upweke. Uwape maji ya roho. Tusamehe sisi tuliowatuma tukawasahau, na sisi tuliowadharau waliokutumikia nje ya boma letu. Uwabariki watu wa Buna, wakubwa kwa wadogo, uwape mvua na amani. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.