Kinshasa 1974: Ali Alibahatika?

Mjadala wa ndondi ukizuka mtaani, lazima kuna mmoja atakwambia Muhammad Ali alibahatika Kinshasa. Hoja yake huwa fupi: Foreman alichoka, Ali akaona nafasi, akarusha ngumi, kwisha. Nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia ndani ya matatu, na majuzi nimeisikia kwa jamaa ambaye mkeka wake ulikuwa umechanika dakika ya 90. Huyo wa mwisho namwelewa. Ukibeti kila wikendi, dunia yote huanza kufanana na bao la dakika za majeruhi.

Lakini hebu tuliangalie pigano lenyewe.

Ilikuwa alfajiri ya Oktoba 30, 1974, Stade du 20 Mai, Kinshasa, wakati Kongo ikiitwa Zaire. Saa kumi usiku, kwa sababu watazamaji wa Marekani walitaka kuona jioni yao. Serikali ya Mobutu ilikuwa imedhamini dola milioni 5 kwa kila bondia. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na miaka 25, mapigano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hizo alimaliza kwa nokauti. Joe Frazier aliangushwa naye mara 6 katika raundi 2. Ken Norton naye hakuvuka raundi ya 2. Hao wawili, kila mmoja alikuwa ameshawahi kumshinda Ali. Ali alikuwa na miaka 32, na zaidi ya miaka 3 ya ubora wake ilikuwa imeliwa na marufuku baada ya kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kuna watu wake wa karibu ambao hawakuogopa kwamba atashindwa. Waliogopa kwamba atauawa.

Tuwape wa bahati haki yao kwanza. Pigano lilipangwa Septemba 25. Siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, na tarehe ikasogezwa zaidi ya mwezi. Ali akapata muda wa kuizoea hali ya hewa na kujipendekeza kwa wenyeji, huku Foreman akinuna na kuuguza kidonda. Kamba za ulingo zikalegea. Upande wa Foreman ulidai zimelegezwa makusudi. Angelo Dundee, mkufunzi wa Ali, akakana. Hata mvua ilingoja: msimu wake ulikuwa umefika, lakini ilimwagika baada ya pigano kuisha. Ingetangulia saa mbili, huenda leo hatungekuwa na cha kubishania.

Sawa. Hiyo ni bahati, na ni nyingi. Swali ni nani aliitumia.

Raundi ya 1, Ali hakukimbia kama wote walivyotarajia. Alimchapa Foreman ngumi za kulia za moja kwa moja, bila kutanguliza kushoto. Kwa bondia wa mkono wa kulia hilo ni kama tusi, kwa sababu ngumi hiyo husafiri mbali na anayepigwa ana muda wa kuiona ikija. Foreman hakuitarajia, akapandwa na hasira. Ali naye akagundua kitu: sakafu ya ulingo ilikuwa laini, na Foreman alijua kumkatia njia. Akicheza kwa miguu raundi 15, atachoka yeye kwanza.

Kwa hivyo kuanzia raundi ya 2 akaegemea kamba. Kona yake ilimpigia kelele atoke. Hakutoka. Alifunika uso, akainamisha mwili nyuma pale kamba zinapolegea, akaacha ngumi za Foreman zitue kwenye mikono na mbavu. Alimshika shingo na kumlalia, akamsemesha maneno ya dharau. Kisha, sekunde za mwisho za raundi, akawa anafunguka na kumchapa usoni. Ukilitazama pigano lote utaona kwamba Foreman hakuchoka tu, bana. Alichoshwa. Foreman alikuwa amezoea kumaliza kazi mapema, na Ali alikuwa anampeleka mahali ambapo hakuwa amefika kwa muda mrefu.

Raundi ya 8 ikiwa karibu kuisha, Ali akatoka kwenye kamba, akamgeuza Foreman, akampiga mfululizo. Kushoto kukamwinua kichwa, kulia kukamkuta usoni. Foreman akazunguka akianguka, na Ali akawa na ngumi nyingine tayari ambayo hakuirusha. Refa alimaliza hesabu zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi iishe. Na kwenye kadi zote tatu, Ali alikuwa anaongoza. Yaani hata bila konde hilo, alikuwa njiani kushinda.

Foreman mwenyewe alikaa miaka mingi akitafuta sababu. Kamba. Hesabu ya haraka. Hata akashuku maji aliyokunywa yalitiwa dawa. Baadaye akakubali alishindwa, na akawa rafiki ya Ali. Halafu, Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, akapanda ulingoni Las Vegas na bukta ileile ya Kinshasa, Dundee yuleyule sasa akiwa kwenye kona yake. Alikuwa nyuma kwenye kadi zote. Raundi ya 10 akamlaza Michael Moorer kwa mkono wa kulia, akawa bingwa tena. Watu wakasema nini? Bahati.

Neno hili linaniuma kwa sababu naambiwa kila mara. Niliacha chuo, naandika kwa kubahatisha malipo, na makala ikichapishwa kuna mtu atasema, "Wewe una bahati." Hakuna anayeulizia zile zilizokataliwa. Bahati ni neno rahisi kwa aliyefika raundi ya 8 ikianza.

Lakini wanaosema ni akili tupu nao wana deni. Ujuzi wa Ali ulikuwa wa kukubali kupigwa. Ulimfanikishia Kinshasa, akaendelea kuutegemea hadi alipostaafu 1981. Mwaka 1984 ikathibitishwa ana Parkinson. Madaktari hawajakubaliana ni kiasi gani ngumi zilichangia, ila hakuna anayeweza kusema mwili wake haukupokea chochote. Kwa hivyo ukiniuliza, Ali hakubahatika Kinshasa. Alinunua ule ushindi, na malipo hayakuisha usiku ule.