Mtoto Hujifunzaje? Tuwaulize Wapagazi

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba twende pamoja hadi Ulyankulu, mkoani Tabora. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa huko kwa shughuli zangu, na baiskeli niliyoazima ikapata pancha. Chini ya mwembe nilimkuta fundi akinyoosha rimu, na kando yake mvulana wa miaka kama kumi. Pancha yangu aliachiwa mvulana. Aliitumbukiza tyubu katika karai la maji, akatafuta mapovu, akakwangua kwa msasa, akapaka gundi. Alipotaka kubandika kiraka kabla gundi haijakauka, fundi alikohoa tu. Mvulana akangoja.

Nikauliza, "Huyu ulimfundisha lini?" Fundi akacheka. "Sikumfundisha, mzee. Alianza kwa kuniletea maji ya karai."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, kwa sababu mimi nilifundishwa kwa namna nyingine kabisa. Jedwali la kuzidisha liliniingia kwa fimbo. Saba mara nane naijua mpaka leo, sikatai. Lakini hata leo nikisikia kengele ya shule, tumbo hunikaza. Je, nilijifunza hesabu, au nilijifunza woga?

Wataalamu wa saikolojia wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Kundi la kwanza lilianza na wanyama. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kuwa mbwa aliyezoeshwa hudondokwa na mate kwa kusikia tu ishara ya chakula. Edward Thorndike wa Marekani, mwaka 1898, alieleza jinsi paka waliofungiwa kizimbani walivyojaribu hili na lile mpaka wakapata njia ya kutoka. Baadaye B. F. Skinner akasema kitendo kinachofuatwa na tuzo hurudiwa. Wapenda fimbo huegemea kundi hili, lakini wanakosea: Skinner mwenyewe hakupenda adhabu. Alisema inazuia tu, haijengi.

Kundi la pili lilisema mtu hujifunza kwa kutazama. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere. Walipopewa nafasi, watoto wengi walimpiga vilevile, ingawa hakuna aliyewaahidi zawadi.

Kundi la tatu ni la Jean Piaget wa Uswisi, aliyesema mtoto si chupa tupu ya kujazwa, bali hujijengea fahamu kwa kushika na kujaribu. Naye Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, aliongeza kwamba jambo ambalo mtoto analiweza leo kwa kusaidiwa, kesho ataliweza peke yake.

Sasa tuiulize historia ya Ulyankulu yenyewe. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa kando ya njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Bagamoyo hadi Tabora ni kama kilometa 800, na Stanley mwaka 1871 alitumia karibu miezi mitatu. Wapagazi Wanyamwezi walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja. Kwao kwenda pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa kiume walibebeshwa pembe ndogo za ndovu tangu wangali wadogo.

Hiyo pembe ndogo ndiyo shule ninayoisema. Ilikuwa mzigo wa kweli katika msafara wa kweli, ila uzito wake ulilingana na mabega yake. Kijana aliyetembea na wakubwa wake aliona jinsi mzigo unavyofungwa, maji yalipo, na mtemi yupi anadai hongo. Ujira wa vitambaa ulikuwepo, Skinner angefurahi. Kutazama kulikuwepo, Bandura angefurahi. Lakini kilichowaunganisha wote ni kazi aliyoaminiwa nayo. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliliona jambo hilo miaka ya 1970 kwa mafundi cherehani wa Liberia: mwanagenzi alianza na vifungo na kupiga pasi, akamalizia na kukata kitambaa. Mwaka 1991, pamoja na Etienne Wenger, aliliandikia kitabu.

Tusiipambe njia ile, hata hivyo. Ilipitisha watumwa na bunduki pia. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijifunza mbinu za vita za Watuta, na mwaka 1871 Waarabu wa Tabora waliovamia Ulyankulu walizionja. Mwaka 1876 alimweleza Stanley kwamba vitani alipendelea vijana kuliko watu wazima. Vijana hujifunza upesi yale wanayoyaona, yawe mema au mabaya.

Historia ya karibu zaidi inasema hayohayo. Mwaka 1972 Ulyankulu ilipokea wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi. Mzee mmoja wao aliniambia kwamba Kiswahili chake kilisahihishwa na watoto wake, ambao walikipata shuleni, mchezoni na dukani walikotumwa chumvi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937, aliliona jambo hili. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilitaka mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi halisi na kushiriki kuipanga. Tulifanya nini? Katika shule nyingi shamba likageuka mahali pa adhabu: aliyechelewa, alime, aliyepiga kelele, alime. Tukachukua pembe ndogo tukaifanya fimbo.

Najua walimu watasema, "Darasa lina watoto 100, nitamkoholea yupi?" Ni kweli. Lakini hata msafara ulikuwa na mamia ya watu, na kiongozi wake hakumfundisha kila kijana. Mkubwa alimwonyesha mdogo. Mwanafunzi wa darasa la sita akimsomesha wa darasa la pili, wote wawili hujifunza.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kumkunja si kumvunja. Nyumbani, mwache mtoto apime unga, ahesabu chenji, amsomee bibi barua. Shuleni, apime mwenyewe urefu wa shamba kabla ya kupewa fomula. Akikosea, tukohoe kwanza.

Ndugu wasikilizaji, pancha yangu haikuvuja tena mpaka nilipoirudisha baiskeli kwa mwenyewe. Tukutane juma lijalo.