Nani Alilitengeneza? Historia ya Lotus Seven, Gari Lililouzwa kwa Vipande

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii inamfaa Colin Chapman, kijana wa London aliyesomea uhandisi katika University College London. Mwaka 1948 alichukua gari kuukuu aina ya Austin 7 lililokosa mnunuzi, akalivua bodi na kuliunda upya katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, kaskazini mwa jiji. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilianza kuuza gari dogo la spoti liitwalo Lotus Seven, ambalo wanunuzi wengi walilipokea likiwa vipande vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani na kulitumia kwa mashindano na safari.

Kwa kawaida historia ya gari hili husimuliwa kama historia ya Chapman peke yake. Insha hii haikatai kwamba alikuwa na kipaji kikubwa. Inachojaribu kuonyesha ni kwamba Lotus Seven lilitokana na mambo matatu yaliyokutana: uhaba wa baada ya vita, sheria ya kodi, na mikono ya watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nasi Afrika Mashariki linatuhusu: mtu akiunga vipande vilivyotengenezwa na wengine, je, amelitengeneza gari hilo?

Tuanze na uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na madeni mengi. Serikali ilivihimiza viwanda vya magari viuze nje ya nchi ili vilete fedha za kigeni, na chuma kiligawiwa kwa kuangalia nani anauza nje. Mwananchi wa kawaida aliyetaka gari jipya alilazimika kusubiri muda mrefu. Petroli nayo iliuzwa kwa mgawo mpaka mwaka 1950. Vijana waliopenda magari wakageukia magari ya zamani, hasa Austin 7. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1922, lilikuwa jepesi na la bei nafuu, na vipuri vyake vilipatikana kila mahali. Kilikuwepo hata chama cha wapenzi wake, 750 Motor Club, kilichoanzishwa mwaka 1939, na wanachama wake walikuwa na desturi ya kuyavunja magari hayo na kuyageuza ya mashindano. Kwa hiyo Chapman hakuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Alijiunga na watu waliokuwa tayari na mazoea hayo.

Alipokuwa mwanafunzi alifanya biashara ndogo ya kununua na kuuza magari yaliyotumika. Mwishoni mwa mwaka 1947 serikali iliondoa mgawo wa kawaida wa petroli kwa magari ya binafsi, na soko la magari hayo likaanguka. Chapman aliuza aliyoweza kuuza, akabakiwa na Austin moja isiyotakiwa na mtu. Hiyo ndiyo aliyoivunja. Mwaka 1952 alisajili biashara ya Lotus Engineering kwa mtaji wa pauni 25 aliokopeshwa na mchumba wake, Hazel Williams, na karakana yake ikawa katika mazizi ya zamani ya farasi huko Hornsey. Kabla ya hapo marafiki, wakiwemo ndugu wawili wa ukoo wa Allen, walikuwa wakimsaidia kazi jioni na siku za mapumziko. Gari la kwanza kuuzwa kwa vipande, Lotus Mark VI, lilikuwa na fremu ya mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa kwa pembetatu, kama daraja la reli. Fremu tupu ilikuwa na uzito wa takribani kilo 25, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuibeba. Mnunuzi alitafuta mwenyewe injini, gia na ekseli kutoka katika gari kuukuu la Ford. Yalitengenezwa takribani mia moja tu, lakini yalionyesha kwamba watu walikuwa tayari kununua gari lisilokamilika.

Kwa nini mtu anunue gari lisilokamilika? Jibu linatupeleka kwenye jambo la pili, yaani kodi. Tangu mwaka 1940 Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa za anasa, na gari jipya lilikuwa mojawapo. Lakini vipuri vilivyouzwa vikiwa vipuri, ili mnunuzi mwenyewe aviunge, havikuhesabiwa kuwa gari. Mwaka 1958 gazeti la The Motor lililijaribu Lotus Seven lenye injini ya Ford ya sentimita za ujazo 1,172. Gari lililojaribiwa liligharimu pauni 1,157, na ndani ya fedha hizo pauni 386 zilikuwa kodi. Theluthi nzima ya bei ilikwenda serikalini. Gazeti hilohilo lilieleza kwamba mtu aliyetaka kuliunga mwenyewe angelipa pauni 399 kwa vipande vya Lotus, pauni 100 kwa injini na giaboksi ya Ford, na pauni 27 kwa ekseli ya nyuma. Jumla ni pauni 526, yaani chini ya nusu ya bei ya gari kamili.

Kwa kijana mwenye mshahara mdogo, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama atakuwa na gari la spoti au atabaki kuyatazama ya wengine. Husimuliwa pia kwamba, kwa kuwa sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunga, Lotus iliwapa wateja wake maelekezo ya kulivunja gari, na wao wakayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Iwe ilitokea hivyo kila mara au ni kionjo cha wasimulizi, hadithi hiyo inaeleza vizuri hali ya wakati ule. Sheria iliyokusudiwa kupunguza anasa iliwageuza maelfu ya makarani, wanafunzi na walimu kuwa mafundi wa gereji.

Hapo tunafika kwenye mikono ya watu. Kuunga gari la namna hii si sawa na kufunga meza iliyonunuliwa dukani. Mtu huanza na fremu juu ya vigogo. Hufunga mikono ya kushikilia magurudumu, springi na shokamzoba, kisha usukani, mabomba ya breki, ekseli, injini na giaboksi, na mwisho nyaya za umeme, taa na viti. Breki zinapaswa kutolewa hewa yote, kwa sababu hewa ikibaki ndani ya bomba, pedali itazama bila gari kusimama. Kila nati ya usukani hukazwa kwa kipimo, kisha hutiwa alama ya rangi ili aliyeikaza ajue baadaye kama imelegea. Kazi hii haiwezi kudanganywa. Aliyelegeza nati ndiye atakayeketi ndani ya gari hilo likiwa kwenye mwendo wa kilomita mia moja kwa saa.

Ndiyo maana safari ina nafasi kubwa katika historia ya gari hili. Wamiliki wa mwanzo waliliendesha mpaka kwenye uwanja wa mashindano, wakashindana, kisha wakarudi nalo nyumbani jioni. Wengine walivuka bahari kwa feri hadi Ufaransa na kuendelea kwenye barabara za milima ya Alps. Halikuwa gari la starehe. Lilikuwa na nafasi ya watu wawili tu na mzigo wa kama begi moja la nguo nyuma ya viti. Halikuwa na milango ya kweli, na paa la turubai lilichukua muda kufungwa, mara nyingi mvua ikiwa imeshawalowesha waliomo. Lakini gari lilikuwa na uzito wa takribani kilo 450. Land Cruiser moja ya leo, yenye zaidi ya tani mbili, ni nzito kuliko manne ya aina hiyo. Kwa wepesi huo, injini ya nguvu za farasi 40 ilitosha kulifikisha kwenye kilomita 130 kwa saa, na kwenye kona lilifuata usukani mara moja. Zaidi ya hayo, likiharibika njiani, dereva alijua pa kuanzia. Aliyekaza nati zote kwa mkono wake hutambua mlio mgeni kabla ya kusimamisha gari.

Je, haya yote hayakuwa ujanja wa kukwepa kodi tu? Historia yenyewe ilitoa jaribio. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwezi Januari 1973, na Aprili mwaka huo kodi ya manunuzi ikafutwa. Mahali pake ikaja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilivigusa vipuri kama ilivyoligusa gari kamili. Unafuu mkubwa wa kuunga nyumbani ukaondoka. Lotus yenyewe ilikuwa imeshaamua kuachana na magari ya vipande ili ijenge magari ya bei kubwa zaidi. Kama kodi ingekuwa sababu pekee, Lotus Seven lingekufa mwaka huo.

Halikufa. Graham Nearn, aliyekuwa akiyauza katika mji mdogo wa Caterham, kusini mwa London, alipata haki za kuendelea kulitengeneza. Kwanza alirithi toleo la nne, lenye bodi ya faibaglasi, ambalo Lotus ilikuwa imelitoa mwaka 1970. Mwaka 1974 alirudi kwenye toleo la tatu, lenye umbo la zamani, kwa sababu ndilo wanunuzi walilolipenda. Mpaka leo Caterham inauza gari hilo likiwa kamili au likiwa kwenye makasha, na wapo wanaochagua makasha.

Ushahidi mwingine ulitokea mwaka 1996, pale Ron Champion, mwalimu aliyefundisha wanafunzi wake kuunda magari, alipochapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujijengea gari la spoti kwa pauni 250 tu. Alionyesha namna ya kuchomelea fremu inayofanana na ya Lotus Seven na kuchukua injini, gia na ekseli kutoka kwenye Ford Escort iliyochakaa. Watu wa nchi nyingi walikifuata. Serikali nayo haikukaa mbali. Kuanzia mwaka 1998 Uingereza iliweka ukaguzi maalumu wa magari yaliyoundwa moja moja kabla ya kuruhusiwa barabarani, na mwaka 2009 ukaguzi huo ukafanywa mkali zaidi. Zamani sheria iliuliza kama gari limelipiwa kodi. Sasa inauliza kama aliyeliunga ameliunga vizuri, na huko ni kukiri kwamba anayeliunga ndiye mwenye dhamana.

Hata hivyo, tusiipambe historia hii kupita kiasi. Uhuru wa kuunga gari ulikuwa wa mwenye gereji, spana na jioni zisizo na kazi nyingine. Wanawake wanatajwa kidogo mno, ilhali bila gereji ya wazazi wa Hazel na pauni zake 25 huenda Lotus isingeanza pale ilipoanzia. Na vipande vyenyewe vilifuliwa na wafanyakazi wa viwanda vya Ford ambao hawakuwahi kusikia injini zao ziko wapi.

Lakini hili la mwisho ndilo linalonirudisha kwenye swali la mwanzo. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walitoa gari dogo la umeme la watu wawili lililoitwa Kiira EV. Kila linapotajwa gari kama hilo, hakosekani mtu wa kusema, "Hawa wameunga tu, hawajatengeneza, betri si zao." Neno "tu" ndilo linaloumiza. Injini ya Lotus Seven haikuwa ya Lotus. Ekseli haikuwa yake. Mara nyingi hata aliyeikaza nati ya mwisho hakuwa mfanyakazi wa Lotus. Hata hivyo, ni nadra kusikia mtu akisema Waingereza hawakulitengeneza. Kilichokuwa chao ni uamuzi wa kipi kiwekwe na kipi kiachwe, fremu iliyoubeba uamuzi huo, na ujuzi uliobaki mikononi mwa kila aliyeunga.

Kwa kuhitimisha, historia ya Lotus Seven inatufundisha kwamba viwanda havianzi lazima kwa kiwanda kikubwa chenye kila kitu. Huu ulianza kwa gari lililokosa mnunuzi, mkopo wa pauni 25 na kodi iliyoacha mlango mdogo wazi, kisha ukasimama kwa sababu watu wengi walijifunza kazi mpaka wakathubutu kusafiri ndani ya walichokiunga. Kwa hiyo, kabla ya kuwacheka wanaounga katika nchi zetu, tuwaulize kwanza kama wanaelewa kwa nini kila kipande kimewekwa pale kilipo. Wakiwa na jibu, wapewe karakana na ukaguzi wa haki, waachwe waendelee.