Daktari aliyekunywa bakteria, na kipimo chetu cha damu

Kaa nusu saa kwenye benchi la duka la dawa pale Mbagala au Tandale, hutakosa kusikia mtu akisema, "Vidonda vya tumbo vinanisumbua." Ushauri unamiminika. Mmoja atasema acha maharage na pilipili. Mwingine, punguza mawazo. Wa tatu, kapime damu uanze dozi. Kila ushauri hapo una historia yake, na sehemu ya historia hiyo imeshapitwa na wakati.

Tuanzie mjini, Ocean Road. Hospitali ile ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Kati ya mwaka huo na 1898, Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akifanya utafiti. Huyu ndiye aliyemtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Jina lake limebaki kwenye masharti ya kumtia hatiani mdudu anayeshukiwa kuleta ugonjwa. Kwanza, umkute kwa wagonjwa. Pili, umtenge na kumkuza maabara. Tatu, ukimwingiza kwa mwenye afya, naye augue. Nne, umkute tena mdudu yule yule kwa huyo mgonjwa mpya.

Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo havikufikishwa kwenye mahakama hiyo. Madaktari wengi waliamini kwamba asidi ya tumbo ni kali mno, hakuna bakteria anayeweza kuishi humo. Basi lawama zikaenda kwa msongo wa mawazo, chakula na asidi yenyewe. Mwaka 1976 dawa ya simetidini iliingia sokoni Uingereza. Ilipunguza asidi na kidonda kilipona, lakini wengi walipoacha dawa kilirudi. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo.

Mwaka 1979, huko Perth, Australia, daktari Robin Warren aliona bakteria waliopinda kwenye vipande vya nyama ya tumbo chini ya hadubini. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwakuza maabara wakashindwa, maana sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Sikukuu ya Pasaka ya 1982 ikasaidia: sahani ziliachwa siku tano, na bakteria wakaota. Leo tunawaita Helicobacter pylori.

Likabaki sharti la tatu. Marshall alijaribu kwa watoto wa nguruwe, hawakuugua. Mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache alianza kutapika na mdomo ukanuka. Kipimo cha kamera kikaonyesha tumbo lake limevimba kwa ndani na bakteria wapo. Hakupata kidonda, hilo tuliseme wazi. Ila ilionekana kwamba mdudu huyu anaweza kulishambulia tumbo lenye afya. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa ukimuua, kidonda kwa kawaida hakirudi. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel.

Anaishije kwenye asidi? Ana kimeng'enya kinachoitwa urease, kinachobadilisha urea kuwa amonia, na amonia inaizima asidi inayomzunguka. Janja hiyo hiyo ndiyo inayomkamatisha: kwenye kipimo cha pumzi unameza urea yenye kaboni ya alama, na bakteria akiwepo, kaboni hiyo inatoka kwenye pumzi yako.

Sasa turudi Mbagala. Kipimo cha damu cha bei nafuu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza kupambana naye. Silaha hizo zinaweza kubaki kwenye damu miezi hata miaka baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu anamaliza dozi, anapona, anapima tena, majibu yanasema "yupo", anaanza dozi nyingine. Swali la kwanza la Koch, yupo au hayupo, halijajibiwa. Zaidi ya hapo, watu wengi Afrika humpata utotoni na wengi wao hawapati kidonda kamwe. Si kila tumbo linalouma ni yeye.

Gharama yake si pesa tu. Watafiti huko Mwanza wamekuta usugu dhidi ya klarithromaisini, moja ya dawa kuu za tiba hii, kwa wagonjwa wa tumbo. Kila dozi isiyo na sababu, au iliyokatizwa katikati, inampa bakteria mazoezi. Na huyu si wa kumchezea: tangu 1994 yumo kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali ile ya Ocean Road sasa ni taasisi ya saratani.

Kwa hiyo ukipimwa, uliza: kipimo gani? Cha choo, cha pumzi na cha kamera vinamtafuta bakteria mwenyewe. Kuhakikisha umepona, subiri angalau wiki nne baada ya dozi, na omeprazo isimamishwe wiki mbili kabla kwa ushauri wa daktari. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, usikae kwenye benchi la duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.