Nani Anamuuliza Kijana? Mtaa na Uhalifu wa Vijana Mijini

Mapema Januari 2015, taharuki kuhusu kundi la vijana lililoitwa Panya Road ilitosha kufunga maduka na kuwakimbiza wakazi wengi wa Dar es Salaam majumbani. Msako ukafuata, na lawama zikawaangukia wazazi: malezi yamelegea, maadili yamemomonyoka, utandawazi umewaharibu watoto. Kila kundi jipya linapoibuka, maelezo hayo hurudiwa. Makala hii inayapinga.

Kwamba vijana wanaokinzana na sheria hutoka zaidi katika mitaa fukara, watafiti hawabishani sana. Ubishi uko kwenye sababu. Hoja ya mmomonyoko wa maadili haielezi kwa nini vijana wa dini moja, wanaotazama filamu zilezile, huishia njia tofauti. Hoja ya umaskini nayo ina pengo: maskini ni wengi mno, wezi ni wachache.

Ushahidi mzito zaidi uko jirani, Kampala. Katika kitabu chao cha mwaka 1973, Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha mitaa miwili ya mabanda, Kisenyi na Namuwongo. Yote miwili ilikuwa ya watu wa kipato duni, lakini uhalifu wa mali ulikuwa mkubwa Kisenyi na mdogo Namuwongo. Tofauti waliyoikuta ilikuwa katika mahusiano: Namuwongo watu walitembeleana zaidi, walishiriki zaidi katika vikundi vya mtaani, na familia zao zilikuwa na utulivu zaidi. Kwa maneno mengine, ufukara uleule ulizaa matokeo mawili, kwa kutegemea kama jirani anamjua jirani.

Namna hali hiyo inavyofanya kazi niliiona katika nyumba ya uswahilini niliyowahi kupanga. Kijana wa chumba cha mbele aliingia uani na simu mpya. Mama muuza vitumbua, ambaye hakuwa na undugu naye, aliacha kukoroga unga akamuuliza: "Hiyo umeipata wapi, mwanangu?" Kijana akababaika, jioni simu haikuwapo tena. Mwaka uliofuata mama yule alihama, kodi ilipopanda. Wapangaji waliokuja baadaye hawakujua hata jina la kijana.

Swali la mama yule liliwahi kuwa na mhimili wa kitaasisi. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960, alizijua kaya zake kwa majina na alisuluhisha migogoro kabla haijafika polisi. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, nafasi hiyo ilibaki ya chama, na mwenyekiti wa mtaa akaachiwa watu wengi mno kuwajua. Sidai kwamba turudishe mfumo uliokuwa pia jicho la chama. Nadai kwamba tuliuondoa uwanjani bila kuweka kingine.

Ipo hoja kwamba Namuwongo ilifaulu kwa sababu wakazi wake walikaribiana zaidi kikabila. Huenda, lakini Dar es Salaam ina lugha moja, misiba inayohudhuriwa na mtaa mzima, na vikundi vya akiba vya vikoba vinavyovuka makabila. Kinachokosekana ni muda wa watu kukaa pamoja, na muda huo unaliwa na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bomoabomoa na kuhamahama.

Misako nayo si mipya. Sheria ya kikoloni ya 1944 iliwafukuza mjini walioitwa wasiotakiwa; sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawarudisha wazururaji vijijini. Zote zilihamisha watu na kuvunja mahusiano, yaani zilibomoa kinga yenyewe. Mkono mmoja haulei mwana, tunasema, kisha mkono huo mmoja ndio tunaoulaumu. Sera ya uhalifu wa vijana inapaswa kuanzia kwenye sheria ya upangaji, ili mama yule adumu uani miaka ya kutosha kuuliza.